Maziwa ya njano tuliyokuwa tunamwaga



Kwa miaka mingi, mwenzetu akizaa, sisi wa kikundi hiki tulimwambia akamue yale maziwa mazito ya njano na kuyamwaga chini. Tuliyaita machafu, kwa sababu mama zetu waliyaita hivyo. Mtoto tulimpa maji ya sukari kwa kijiko, siku mbili ao tatu, mpaka maziwa yawe meupe.

Mtoto wa kwanza wa mmoja wetu alianza hivyo. Siku ya tano akaharisha, akalazwa hospitali juma zima. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini muuguzi aliuliza: "Hayo maji ya sukari, nani alimpa?" Tulinyamaza. Ni sisi.

Muuguzi hakutugombeza, alitufundisha. Mwili una walinzi wake: ngozi inafunga njia, kamasi inanasa vijidudu, tindikali ya tumbo inaua vingi, na damu ina askari wake. Lakini askari wa mtoto mchanga hawajajua vita bado, kwa hiyo mama anamkopesha wa kwake. Wengine wanapita kwenye kondo kabla hajazaliwa. Wengine wako ndani ya yale maziwa ya njano: wanapakaa matumbo yake, vijidudu vikose mahali pa kushika. Ni vijiko vichache tu, lakini tumbo lake nalo ni dogo.

Juzi mwenzetu mwingine alizaa. Bibi ya mtoto akafika na kikombe cha maji ya sukari. Hatukubishana naye. Tulimuuliza: "Koko, mbuzi wako akizaa, unamwaga maziwa yake ya kwanza?"

"Hapana! Mtoto wa mbuzi asipoyanyonya, anakufa."

Akatuangalia, akamwangalia mtoto, kisha yale maji akayanywa mwenyewe.

Basi, wamama, mtoto anyonye ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, na maziwa ya mama peke yake, bila maji, mpaka miezi 6. Ulinzi wa kukopeshwa unaisha pole pole. Chanjo ndizo zinafundisha askari wake mwenyewe. Tusikose hata moja, na ile ya surua ya miezi 9 tusiisahau.

Yule mtoto aliyelazwa, leo anasoma. Akipita mbele yetu na mfuko wake wa shule, tunakumbuka kile kijiko.