Nondo zako zimelala wapi?

Ukizunguka Maisaka, Bagara au Nangara hapa Babati utaona kitu kilekile: msingi umekwisha, matofali yamepangwa, na nondo zimelala kwenye nyasi zikimsubiri mwenye kiwanja apate hela nyingine. Wengi wetu ndivyo tunavyojenga. Mwaka huu nondo, mwakani mabati, mwaka wa tatu mbao. Chuma ndicho benki yetu. Bei ikipanda, wewe ulishanunua.

Tangu mji huu uwe makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, na baadaye barabara ya lami ya kwenda Dodoma kuzinduliwa mwaka 2018, viwanja vya namna hii vimekuwa vingi. Swali langu ni moja tu: hiyo benki umeiweka wapi?

Muulize mtu yeyote kuhusu usalama wa nondo zake, atakueleza habari za wezi. Kaweka mlinzi, kajenga ukuta. Sawa, lakini mlinzi hazuii umande. Kutu inahitaji maji na hewa basi, na vyote tunavyo: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya mwisho wa mwaka, na udongo ambao haukauki haraka chini ya majani. Mwizi anaweza kuja usiku mmoja. Umande unakuja karibu kila usiku.

Hebu tupige hesabu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.6 hivi. Kutu ikila nusu milimita kuizunguka, unabaki na milimita 11. Ni kidogo? Hapana, umepoteza asilimia 16 ya chuma. Ulilipia nondo 6, umebaki na kama 5. Haitokei kwa msimu mmoja, lakini sisi nyumba moja tunaijenga miaka mingapi? Halafu nondo iliyogusa udongo haliki sawasawa. Inatoboka vishimo hapa na pale, na nguvu yake ni ile ya sehemu iliyokonda kuliko zote.

Tusitishane pia. Wekundu mwembamba juu ya nondo si tatizo, zege linaishika vizuri tu. Cha kuogopa ni magamba. Ukisugua kwa brashi ya waya yakadondoka na vishimo vikaonekana, mwite mtu anayejua aipime kabla haijaingia kwenye nguzo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikiendelea ndani ya zege inalipasua.

Mabati nayo yana ugonjwa wake. Bati linalindwa na zinki. Yakilowa kwenye lori kisha yakalazwa yakiwa yamebanana, maji hukwama katikati, hewa haipiti, na zinki inageuka unga mweupe. Kibaya zaidi, stoo nyingi za huku ndimo yanamokaa mabati na mifuko ya mbolea ya mahindi. Mbolea ni chumvichumvi inayovuta unyevu. Watu wa Babati tunajisifu kwamba hatuna upepo wa bahari kama Dar, kumbe chumvi tumeifungia ndani wenyewe.

Dawa yake haina gharama kubwa. Nondo ziinue juu ya matofali au magogo makavu, sentimita 15 au zaidi kutoka chini, na uweke egemeo za kutosha zisipinde. Turubai liwe kama paa, pande ziwe wazi. Ukilifunga kama kifurushi unafungia jasho ndani. Mabati yaliyolowa yatenganishe, yafute, yakaushe, kisha yaweke yakiwa yameinama kidogo, mbali na mbolea. Zile nondo zilizochomoza juu ya nguzo zikisubiri ghorofa zipake uji mzito wa saruji. Saruji ina ukali kama wa magadi, na chuma ndani yake hakishiki kutu kirahisi.

Ndugu yangu uliyeko Dar au ughaibuni, hili linakuhusu zaidi. Unatuma hela, mjomba ananunua, unatumiwa picha, unahesabu nondo, unaridhika. Miaka minne baadaye fundi anasema nondo hazifai, na lawama zote zinamwangukia mjomba: alinunua za bei rahisi, chenji kala. Nimesikia ndugu wakiacha kusalimiana kwa jambo kama hilo, na huenda mzee wa watu alinunua nondo nzuri kabisa. Hakuna aliyemwambia aziinue, wala aliyemtumia hela ya turubai.

Kwa hiyo mpigie kabla ya masika. "Shikamoo mjomba, nondo zinagusa chini?" Ukiomba picha, mwambie ainame, apige ile ya chini kabisa. Na hela ya turubai itume siku hiyohiyo.