Kabla ya Kuyatoa Masega

Baba mdogo aliyenifundisha magari alikuwa na Peugeot 504, na moshi wake ulipita bombani hadi nyuma bila kukutana na sega lolote, yaani ile kauri yenye vitundu, ndani ya kopo la bomba, inayochoma sumu za moshi. Petroli ya siku zile ilitiwa madini ya risasi, na risasi na masega havikai nyumba moja. Platinamu iliyomo kwenye masega ikishafunikwa na risasi haichomi tena kitu. Kwa hiyo hata gari lililoshuka bandarini kutoka Japani likiwa na masega yake, mafundi waliyachokonoa kwa nondo wakayamwaga nyuma ya gereji, na hakuna aliyewalaumu.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na risasi, na mwaka 2006 ulipoanza, petroli ya vituoni mwetu ilikuwa haina tena. Petroli ikabadilika. Nondo ya fundi ikabaki palepale.

Nilipopata gari langu, kigari cha Kijapani cha mwaka 2004, nilikuta maradhi yote yana dawa moja. Gari likichoka mlimani, likila mafuta, taa ya cheki injini ikiwaka: "Dada, masega yameziba hayo. Tuyatoe, utaona itakavyoruka." Mwanzoni kazi hiyo ulilipia. Miaka ikaenda, nikasikia kauli mpya: "Hela ya kazi usinipe, niachie tu hilo kopo." Watu walikuwa wameshajua kuwa kwenye ile kauri yenye vitundu kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu, lakini mwaka 2021 rodiamu ilipita dola 25,000 kwa aunsi, wakati dhahabu ilikuwa chini ya 2,000. Mganga anayelipwa kwa figo atakuta kila mgonjwa figo zake zimeoza. Nikaona heri nipime mwenyewe, uani kwangu.

Vipimo vya kwanza ni vya baba mdogo, ingawa yeye alivitumia kwa mabomba ya kawaida. "Mama, weka kiganja nyuma ya bomba, usiliguse, halafu mtu akanyage mafuta." Upepo ukitoka kwa nguvu na kwa mpigo mmoja, njia iko wazi. Ukitoka kinyonge huku injini inalia, kuna kizuizi. Kisha, injini ikiwa imepoa kabisa, gonga kopo kwa nyundo ya mpira. Likilia kama lina changarawe ndani, kauri imevunjika, na hapo huna haja ya kompyuta.

Langu halikulia, na upepo ulikuwa mzuri. Ila taa iliwaka. Nikanunua kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu, kikanipa namba P0420. Fundi alipoiona alifurahi kama aliyeshinda kesi: si unaona, masega! Mimi bado nasema namba hiyo husomwa vibaya kuliko zote. Haisemi masega yamekufa. Inasema kompyuta ya gari imelinganisha sensa mbili za oksijeni, ya mbele ya kopo na ya nyuma yake, na haikuridhika.

Basi nikatazama sensa zenyewe. Niliendesha kwanza hadi gari likapata moto vizuri, kwa sababu masega yaliyo chini ya nyuzi kama 300 hivi hayajaamka, na kuyapima ni kuyaonea. Nikashika mizunguko 2,500 kwa dakika, macho kwenye simu. Mstari wa sensa ya mbele ulipanda na kushuka upesi upesi kati ya volti 0.1 na 0.9, ndivyo inavyotakiwa. Wa nyuma, kwenye masega mazima, hutulia karibu na 0.7. Wangu ulitulia kidogo, ukaporomoka ghafla, ukatulia tena. Masega yaliyochoka kweli huufanya mstari wa nyuma uige wa mbele hatua kwa hatua. Huu wangu ulikuwa unashtuka tu.

Kesho yake asubuhi, bomba likiwa la baridi, nikawasha gari, nikaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito, nikamwagia maungio maji ya sabuni. Kwenye ungio lililo jirani na sensa ya nyuma povu likafura. Gasketi ilikuwa imekatika, hewa ya nje ikawa inaingia na kuidanganya sensa. Gasketi mpya, boliti mbili, na mstari ukanyooka.

Gari la kaka yangu halikuwa na bahati hiyo. Kopo lake lililia changarawe, kiganja hakikusikia upepo, na tulipofungua sensa ya mbele ili moshi upate pa kutokea, injini ikapata nguvu palepale. Masega hayo yalikuwa yamekufa kweli. Lakini injini ilikuwa inakula oili, na oili hiyo ndiyo iliyoyaua, kwa hiyo ringi za pistoni zilitangulia, kopo lingine likafuata. Kaka alinung'unikia gharama wiki nzima. Kopo bovu fundi aliliomba, na kaka, ambaye kwa kawaida hana mkono wa birika, safari hii alimtajia bei.