Kanisa Lilinichangia Karo, Nikaacha Chuo

Nikiwaambia watu mimi ni Mlutheri, jibu la kwanza huwa, "Wa Luthuli?" Manze, si Luthuli. Luthuli ni ile barabara ya tao nilikonunua stendi ya simu na ile taa ya mviringo mnayoona kwa macho yangu kwenye video. Mlutheri ni wa Martin Luther, yule Mjerumani aliyewakasirisha wakubwa wa kanisa kuanzia 1517. Kenya tuko wachache. Wengine wetu tunatokana na wamisionari wa Kiswidi waliofika Kisii 1948, wengine na ndugu zetu wa Tanzania, ambako Walutheri ni mamilioni na hakuna anayekuuliza kama unauza spika.

Sasa leo sitaki kuhubiri. Nataka kuwaambia kitu ambacho sijawahi kuweka hapa.

Mnajua niliacha chuo, hiyo nimeitengenezea video hadi mkachoka. Chenye sijasema ni nani alilipa.

Usharika wetu ni wa mabati, watu kama sabini Jumapili ikiwa haijanyesha. Nilipopata barua ya kujiunga na chuo kikuu, mzee wa kanisa alisimama wakati wa matangazo, akanishika mkono mbele ya watu na kusema huyu ni mtoto wetu. Kipaimara nilifanyia hapo, ubatizo hapo, nikiwa bado nanyonya. Jumapili mbili baadaye wakafanya harambee. Kama hujawahi kuona mnada wa kanisa, umekosa. Kuku mmoja aliuzwa mara tatu, kwa sababu kila aliyemnunua alikuwa anamrudisha mbele auzwe tena. Yule kuku alikuwa amechoka kuliko mimi. Mkungu wa ndizi ukaenda hivyo hivyo. Shosho anayeuza mboga pale steji alifungua fundo la leso akatoa mia tatu, noti moja moja, mbele yangu. Mwisho wa siku zilikuwa elfu sitini na moja na mia nne. Mweka hazina aliandika kila jina kwa daftari, na hilo daftari bado liko.

Mwaka wa pili nikaacha. Sitawadanganya ati niliona maono. Kwa zile video zangu nilisema "nilifuata ndoto", lakini ukweli ni kwamba nilifeli masomo manne, nikaogopa kurudia, nikaanza kulala hadi saa sita, halafu siku moja nikagundua sijaingia darasani tangu mwezi uliopita. Video zikaanza kuleta pesa kidogo nikapata kisingizio.

Kanisani nikakaa miezi kumi na nne bila kukanyaga. Hata steji nilibadilisha. Nilikuwa nashuka mbele huko nitembee dakika kumi, nisipite kwa kibanda cha shosho.

Katikati hapo nilijaribu kanisa la mataa. Mnayajua. Bendi kali, moshi wa jukwaani, viti vya kitambaa, kamera kuliko za harusi. Siwasemi vibaya, marafiki zangu wengi wako huko na wanapata chakula cha roho. Na nilipenda kitu kimoja sana: hakuna aliyenijua. Lakini kila dakika tano, mwambie jirani yako hivi, inua mkono, piga kelele kama unaamini. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, wasee. Siku nzima natafuta sekunde tatu za kwanza zitakazomzuia mtu asipitishe kidole. Najua kuchangamka nikiwa nimekufa ndani. Jumapili nikakuta naambiwa nichangamke tena, na nilikuwa naweza, naweza kabisa, hadi nikalia mahali pa kulia. Nilitoka pale kama nimetoka kurekodi.

Nilirudi nyumbani Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nilichagua vibaya, kwa sababu hiyo ndiyo Jumapili tunakumbuka Matengenezo ya Kanisa na watu hujaa. Nilijua kabla ya kuingia, maana kupitia mlangoni niliona kitambaa chekundu madhabahuni. Kwetu rangi ina maana: kijani ni zile Jumapili nyingi za kawaida, zambarau ni kujiandaa kwa Krismasi na Pasaka, nyeupe ni sikukuu za Kristo, nyekundu ni Pentekoste na siku kama hiyo. Nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama mtu ameshikilia mkoba wake tayari.

Halafu ibada ikaanza, na hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa wewe unayesema ibada ya kitabu imekufa, imekauka, ni ya wazee. Mimi pia nilisema hivyo nikiwa na miaka kumi na saba. Kila Jumapili mpangilio ni ule ule. Tunaungama, tunatangaziwa msamaha, tunaomba huruma, masomo, Injili tukiwa tumesimama, ungamo la imani, mahubiri, sadaka, maombi, meza ya Bwana, baraka. Ukilala katikati unaamka unajua uko wapi.

Sehemu ya kuungama ndiyo ilinimaliza. Mchungaji haungami akitutazama. Anageukia madhabahu kama sisi, tunaona mgongo wake tu, na maneno anayosema ndiyo tunayosema wote, yeye, wazee, kwaya, yule mtoto wa benchi la mbele anayechora kwa karatasi ya sadaka. Hakuna anayesema yake ni gani. Hakuna anayeulizwa. Mdomo wangu ulianza kusema kabla sijaamua kama naamini. Kwa miezi kumi na nne nilikuwa nimetafuta namna ya kusema ile kitu, nimeandika hadi meseji nikafuta, na hapo maneno yalikuwa tayari, yameandikwa na watu waliokufa zamani, na hayakuhitaji niyaseme vizuri. Sikulia. Hakuna mtu alitaka nilie.

Wakati wa mahubiri nikakumbuka kitu cha darasa la kipaimara. Unajua Luther mwenyewe aliacha masomo? Alikuwa ameanza kusomea sheria, 1505, babake Hans akitaka awe wakili. Julai mwaka huo radi ikapiga karibu naye akiwa njiani, akaogopa, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Babake alikasirika vibaya. Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu kama mjinga. Ndiyo, najua, baadaye alirudi akapata udaktari 1512. Usiniharibie.

Kisha matangazo. Na matangazo ya kanisa hayana huruma. Kulikuwa na shemasi mpya, kijana, hanijui, akanielekezea mkono. "Wageni wetu wasimame watusalimie. Dada pale nyuma, karibu."

Watu wakageuka. Wote.

Nilisimama. Nikasema jina langu, mtaa ninaokaa, halafu nikasikia sauti yangu ikiendelea: "Mimi si mgeni. Nyinyi mlinichangia karo. Niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwaambia." Kukawa kimya, ile kimya unasikia mabati yakinyooka kwa jua. Kisha mzee mwenye matangazo akasema, "Asante. Keti." Akasoma tangazo la mkutano wa akina mama. Basi.

Nje kwenye chai ndiko kulikuwa na kazi. Shosho alinishika kidevu akaangalia mashavu yangu. "Wewe mtoto, kwani ulihama? Nilifikiri umeolewa." Nikamwambia shosho hapana. Akanipa mandazi yake nusu. Ile mia tatu hakuitaja, na nilitamani aitaje.

Aliyeitaja ni baba mmoja wa kwaya, na ndiye nimebaki naye kichwani. Alingoja wengine wasogee. "Msichana wangu, mimi sina hasira," akasema. "Lakini nitakwambia ukweli kwa sababu wengine hawatakwambia. Mwaka ule kulikuwa na kijana mwingine na barua kama yako. Tulisema tuanze na wewe, yeye tumfikirie mwaka ujao. Mwaka ujao hatukuwa na nguvu."

Nilijua ni nani bila kuuliza. Tulifanya kipaimara pamoja. Tulikariri Katekisimo Ndogo pamoja, yeye akiwa mbele yangu kila wakati. Sai anaendesha boda.

Hapo sina la kujitetea. Naskia watu wakisema chuo si kila kitu, hata mimi nimesema, na video hiyo ndiyo ilipata watazamaji wengi kuliko zote. Lakini kusema chuo si kitu ni rahisi ukiwa umekalia nafasi ya mwingine, ukainuka, ukaiacha tupu. Msamaha nilitangaziwa saa nne asubuhi na nauamini. Ile nafasi haikurudi.

Nilienda kwa mweka hazina nikamuuliza deni. Akacheka, akasema harambee haina deni. Nikamwambia basi nifungulie ukurasa. Sasa natoa elfu moja kila mwezi, mwezi mbaya mia tano, na ananiandikia risiti ya mfuko wa karo. Hesabu yake mnaweza kufanya, ni miaka.

Na vijana wakanipa kazi siku hiyo hiyo, bila mkutano. "Si wewe ni mtu wa video? Turushie ibada laivu." Nina maneno kuhusu hilo, kwamba kanisani kijana hupewa waya na viti lakini kwenye baraza la wazee haitwi, lakini hiyo ni ya siku nyingine. Jumapili iliyofuata nilifika mapema na stendi na taa yangu. Kwenye meza ya sauti alikuwa ameketi yeye, wa boda, helmeti chini ya kiti, kwa sababu vyombo ndiye huvishughulikia. Sikuwa nimejua. Soketi ni moja. Alichomoa chaja ya simu yake nichomeke taa.

"Hii ulinunua wapi?"

"Luthuli."

"Ngapi?"

"Elfu mbili mia tano."

"Walikuuzia ghali sana," akasema, akageuza uso wa taa usimpige mchungaji machoni. Kengele ikalia. Bado sijamwambia ile nyingine.