Kuvuka Makorongo, Kirua hadi Kidia

Mzee aliyekubali kunivusha kutoka Kirua Vunjo hadi Kidia, Old Moshi, alinipa sharti moja: tusishuke kwenye lami. Siku hizi watu huteremka hadi Uchira, wakashika barabara kuu mpaka Kiboriloni, halafu wakapanda tena na bodaboda. Yeye alitaka tuukate mlima kwa ubavu, korongo baada ya korongo, kama walivyopita walimu wa kanisa enzi za babu yake. Ni mwinjilisti mstaafu, goti moja linamsumbua, na bado alinitangulia njia nzima.

Nilikuwa nafuatilia habari za Bruno Gutmann na jamaa yake. Gutmann, Mlutheri mzaliwa wa Dresden, alitumwa na Misioni ya Leipzig akafika Kilimanjaro mwaka 1902. Tangu 1910 makazi yake yalikuwa Kidia. Nilitaka kujua familia ya kigeni iliishije hapa wakati serikali zilipokuwa zinapigana juu ya vichwa vya watu.

Njia inapita ndani ya vihamba, migomba juu, kahawa chini, na kila hatua chache unaruka mfongo wa maji. "Shimbonyi!" mzee anaita uani, anaitikiwa, anaulizwa huyu mgeni ni wa nani. Mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe alitaka kujua kwanza mimi ni wa kanisa gani. Swali hilo huku halina ugomvi, lina jiografia. Kirua imekaa katikati: mashariki yake ni Kilema, ambako mapadri Wakatoliki walijenga tangu 1891, na magharibi ni Old Moshi ya Walutheri. Nilipomjibu alicheka, akatuongezea ndizi mbivu za njiani.

Kwenye korongo la pili, lile refu, tulikaa juu ya mawe, mzee akaanza na mwaka 1892. Wakati huo wamisionari wa Moshi walikuwa Waanglikana kutoka Uingereza. Juni ile askari wa Kijerumani walimvamia Mangi Meli, mtawala wa Moshi, wakashindwa, na kamanda wao von Bülow akafa. Wajerumani wakawashuku Waingereza kwamba waliwapa Wachaga bunduki. Mmisionari Steggall ikabidi aondoke, akavuka mpaka akaenda Taveta. Mwaka uliofuata Meli alishindwa, na mwaka huohuo watu wa Leipzig wakawasili. Walutheri wa Kilimanjaro, kwa maneno mengine, waliingia kwenye nyumba ambayo mpangaji wake ametolewa na mwenye bunduki.

"Sasa sikiliza," mzee akasema. "Nani alimfukuza? Meli?"

Sikumjibu upesi. Nilikumbuka Akeri, Meru, ambako Oktoba 1896 vijana wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa usiku hata hawajamaliza kujenga. Nikalitaja hilo. Akakubali, lakini akaongeza kwamba huko Meru wageni wale walifika pamoja na jina la serikali, na kisasi cha wanajeshi kilichofuata kiliwapata watu wengi wasiokuwa na hatia. Kuhusu mlima wetu alishikilia hoja yake, na kadiri ninavyoitafakari naona ana haki: Uchagani, mara zote, mmisionari Mzungu aliondolewa na Wazungu wenzake.

Tulipotoka kwenye migomba, tambarare ilifunguka hadi Taveta. Mzee akanyoosha fimbo kuelekea vilima vya Latema na Reata, ambako Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliwapiga Wajerumani, kisha yakaingia Moshi. Kwa Gutmann, vita ilipopita kazi haikukatika mara moja. Ilikatika mwaka 1920, Waingereza walipowafukuza wamisionari Wajerumani. Ilikuwa imepita karibu miaka 18 tangu afike mlimani, na alikuwa akiandika mafundisho ya jando na sheria za ukoo kutoka midomoni mwa wazee. Mtoto wa mmisionari mwenzake, Otto Raum, alizaliwa huku Kilimanjaro 1903, na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya utoto wa Wachaga. Hapo ndipo maneno "kurudishwa kwao" yanaponitatiza, kwa mtoto wa namna hiyo.

Mwaka 1939 ikawa vilevile. Wajerumani walikamatwa tena, na Waamerika wa Sinodi ya Augustana wakaja kusaidia kushika usukani. Sehemu hii ya habari tuliipita haraka, maana mvua ilikuwa inajikusanya juu ya Mawenzi.

Juu ya wageni na serikali, mzee alinisimulia pia ya Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi. Mgeni mmoja wa usharika, anasema, alihangaika kwa sababu nyumbani kwao walikuwa wanamtafuta. "Tulimpa chakula, tukamwambia atulie. Ana ubalozi. Sisi tulikuwa tunatafuta vijana wetu walioko Dar."

Kidia tulifika mchana. Gutmann alirudi hapa katikati ya miaka ya 1920, akakaa hadi 1938, akihubiri kwamba kanisa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Tulibishana juu ya hilo. Mimi namheshimu kwa kusikiliza. Mzee anaona alipenda sana Wachaga wa jana. Wachaga wa siku ile, anasema, walikuwa tayari wanahesabu kahawa, na mwaka 1925 Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi hiihii, alikuwa anaongoza chama cha wakulima kuitetea.

Basi nikauliza swali jingine: tangu 1920 mpaka aliporudi, nani alifundisha, nani aliwakusanya watu Jumapili? Mzee akaanza kutaja walimu, ukoo kwa ukoo, huku anaonyesha vihamba vyao kwa fimbo. Hakuna jina hata moja nililokuwa nimelisoma kwenye vitabu vyangu. Niliandika hadi mkono ukachoka, nikafunga daftari.

"Bado wake zao," akasema. "Mshahara wa misioni ulipokatika, wao ndio waliolima walimu wakala."