Haki za Watu Kabla ya Safari

Tanga, Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo kaka, ambaye ndiye maharimu wangu, amekwenda kulipa fedha za hija. Tutaanzia Madina, kwa hiyo ihramu tutaitilia nia Dhul-Hulaifa, pale wanapopaita Bir Ali.

Lililokuwa likininyima usingizi ni upatu. Mimi nimeshapokea, wenzangu wengine bado, na michango iliyobaki ni deni shingoni mwangu. Baada ya darsa nikamuuliza ustadhi. Akanijibu kwamba hija ya mwenye deni inasihi, ila nisiondoke bila ridhaa ya wanaonidai, na awepo wa kulilipa nikifia huko. Nikauza cherehani ya pili. Jioni nimemkabidhi kijumbe michango yote iliyobaki. Akahesabu noti mara mbili, akalipiga mstari jina langu kwenye daftari lake mbele ya macho yangu. Hata Mungu akinichukua Makka, hakuna atakayemgongea mwanangu mlango.

Jumamosi, 22 Februari

Semina ya mahujaji. Sheikh amekaa sana kwenye Arafa: asiyesimama pale tarehe 9 Mfunguo Tatu hana hija, hata aizunguke Al-Kaaba mara mia. Sisi wanawake tutavaa nguo yoyote ya stara, bila nikabu wala glavu tukiwa ndani ya ihramu. Kucha zikatwe kabla ya kutia nia, na sabuni iwe isiyo na manukato.

Kisha akaeleza ya mwaka jana. Joto lilipita nyuzi 50 na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki, wengi wao wakiwa wamekwenda bila kibali, hawana hema wala basi, wanatembea juani. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mtu anayempa mzee wa watu viza ya matembezi na kumwambia ataingia Mina kwa ujanja anamdhulumu, na atakuja kuulizwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kadi ya homa ya manjano ninayo. Ya uti wa mgongo nitachanjwa wiki hii, maana inatakiwa ipite si chini ya siku 10 kabla ya kufika.

Tangu Idi ipite, nikishaswali alfajiri natembea kutoka Ngamiani hadi Raskazone. Sai peke yake, mara saba baina ya Safa na Marwa, inazidi kilomita 3, na hapo hujahesabu tawafu wala njia ya kwenda kutupa mawe. Navaa ndara zilezile nitakazosafiri nazo. Ukanda umenichubua kidole gumba. Afadhali unichubue hapa kuliko Mina. Goti la kushoto bado zito wakati wa kurudi, ila jana sikupumzika njiani.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda kwa wifi. Tangu marehemu mume wangu azikwe hatukuwa tukisemeshana, kwa sababu ya minazi ya mpakani. Nilimkuta uani anakuna nazi, hakuiacha mbuzi. Nikakaa kwenye mkeka nikamwambia, "Wifi, nakwenda hija, nimekuja kutaka radhi." Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Ndipo akasema, "Radhi nimekupa. Minazi sijakupa."

Neno lake ni la haki. Toba yangu kwa Mungu haiwezi kumfutia mtu mwingine madai yake. Tumekubaliana wazee wawili, mmoja kila upande, wapime mpaka upya Alhamisi, na watakalosema tulifuate sote. Aliponisindikiza alinipa kanga, akaniomba nimwombee dua ya mguu wake Arafa. Nimeandika jina lake juu kabisa ya orodha ya dua.

Wasia nimeuandika, mashahidi wametia saini. Mwanangu, daftari hili nakuachia. Yeyote atakayekuja kusema ananidai, hata iwe shilingi elfu moja ya vitambaa, usimwambie angoje nirudi. Msikilize, na ikithibitika mlipe. Fedha ziko kwenye bahasha ya kahawia ndani ya sanduku.