Wageni wa Harusi, Karibuni Uswahilini!

Kadi imeandikwa saa 12 jioni. Wewe na mimi tunajua maana yake: maharusi wataingia ukumbini saa 3, na pilau itaonekana karibu na saa 5 usiku. Lakini mgeni aliyetoka Bukoba, Moshi au Songea hakuja Dar kwa usiku huo mmoja tu. Anafika Alhamisi, anaondoka Jumatatu. Siku zote hizo anakula wapi, na anakaa na nani?

Mara nyingi jibu ni moja: nyumbani kwa mama mwenye shughuli. Magodoro sebuleni, foleni ya bafuni, na mama wa watu yuko jikoni tangu alfajiri wakati hata nguo yake hajaichukua kwa fundi. Kamati imechangisha mamilioni ya ukumbi, mapambo na MC, ila chai ya wageni haimo kwenye bajeti. Kuna watu wanapanda ndege kwenda Bologna, Italia, kwa ajili ya kula tu. Sisi wageni wanatufuata wenyewe, halafu tunawaacha sebuleni na rimoti ya TV!

Kwenye harusi ya binamu yangu mimi nilikabidhiwa kitengo cha wageni: watu 14 wa upande wa bibi harusi, kutoka Kagera. Bwana harusi ni kijana wa Mbagala. Koo hizi mbili zilikuwa zimekutana mara moja tu, siku ya mahari, na siku hiyo waliozungumza zaidi ni washenga. Nilichokiona nakugawia hapa.

Siku moja, upande mmoja

Tangu 2021 mabasi ya mikoani yanaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, siyo Ubungo tena. Treni ya SGR ya kutoka Dodoma na Morogoro, iliyoanza kubeba abiria 2024, inamshusha mgeni katikati ya jiji. Kutoka Mbezi Louis hadi Mbagala ni safari ndani ya safari, kwa hiyo usimtoe mtu Temeke asubuhi, ukampeleka Mbezi Beach mchana, kisha utegemee awahi saluni. Angalia na kalenda pia. Mwanzoni mwa Julai maonyesho ya Sabasaba hujaza Barabara ya Kilwa, na siku Simba na Yanga wanacheza Uwanja wa Mkapa, andaa moyo kwa foleni.

Upande wa Temeke

Asubuhi ni kwa mama lishe: supu na chapati, au vitumbua na chai ya rangi. Mkishashiba, nendeni Soko la Tandika. Kuna vitenge, viungo na mitumba mikali. Mgeni aliyesahau viatu vya harusi atavipata hapo. Barabara ya Kilwa ndiyo njia ya Mkuranga na Rufiji, ndiyo maana Mbagala Rangi Tatu hukosi nazi, machungwa wala korosho za kurudi nazo nyumbani.

Jioni ni zamu ya pweza. Unasimama mezani kwa muuzaji, unachoma kipande kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, unashushia na supu yake kwenye kikombe. Mjomba wa bibi harusi alikitazama kipande kile kwa muda mrefu. "Huyu mdudu ana miguu mingapi?" akauliza. Baba wa bwana harusi, Mzaramo halisi, akatangulia kula ili kumtoa hofu. Mjomba naye akala.

Kesho yake jioni mjomba akatoa mfuko kwenye begi: senene! Sasa zamu ikawa ya Mzaramo kutazama. Akala mmoja, akala wa pili, akaomba mfuko ubaki upande wake. Wakamalizia na kahawa chungu na kashata kibarazani, mjomba akieleza kwamba kwao kahawa hutafunwa. Jumamosi ukumbini kamati iliwapangia meza tofauti, lakini wazee wale walihamishana viti wenyewe.

Mkipata nafasi ya ziada, vukeni kwenda Kigamboni, kwa pantoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, mkale samaki ufukweni.

Upande wa Kinondoni

Anzeni Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo. Nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwenye eneo moja, ya Wahaya na ya Wazaramo zikiwemo. Kwa wakwe wapya hakuna mazungumzo mepesi kama kuonyeshana nyumba za babu. Mwenge kwenye vinyago hapako mbali, na jioni malizieni Coco Beach kwa mihogo ya kukaanga na madafu.

Sinza ni nyama choma. Hapa tahadhari kidogo: kitimoto ina mashabiki wengi, lakini kundi la harusi huwa na Waislamu na Wasabato ndani yake. Chagua sehemu ya mbuzi na kuku, mle wote meza moja.

Jumapili, harusi ikishapita, nendeni Kunduchi. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, na boti za kwenda kisiwa cha Mbudya kula samaki wa kuchoma.

Nani analipa?

Wenyeji walipie mlo mmoja wa pamoja, tena mapema, kabla ya siku ya ukumbini. Inayobaki kila mtu ajitegemee, bila aibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nasema ya tatu mwelekeze Tandika akajinunulie vitumbua. Mama mwenye shughuli atapumua, na wakwe watakuwa na la kusimuliana.

Kama mnaoana mwaka huu, kwenye kikao kijacho cha kamati, kabla hamjafika kwenye bei ya mapambo, nyoosha mkono uulize: wageni wetu watakula wapi Ijumaa jioni, na watakula na nani?