Mpanda kabla ya masika: Kagua paa wakati jua bado linawaka

Ukiwasili Mpanda mwezi Oktoba, joto ndilo la kwanza kukupokea. Vumbi limetanda juu ya mabati ya Makanyagio na Kashaulili, na kwa miezi kadhaa paa halijaguswa na mvua. Ni rahisi kuamini kuwa ni zima. Kwa kawaida mvua za Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na hapo ndipo ndoo na masufuria hupangwa sebuleni.

Uharibifu hutokea kiangazi. Mchana bati hutanuka kwa jua, usiku husinyaa kwa baridi. Siku baada ya siku misumari hulegea na mipira yake hukauka na kupasuka. Hata watalii wanaopita mjini na magari ya kulala, wakielekea Sitalike kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hawakwepi tatizo hilo: gundi ya maungio ya paa la gari hupasuka kwa jua na mtikisiko wa barabara.

Kwa familia, hasara si dari kuchafuka tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu ndani ya nyumba na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Mtoto mwenye pumu akilala chumba chenye ukungu, anaweza kubanwa mara kwa mara.

Kukagua si kazi ngumu. Saa sita mchana funga madirisha, zima taa, tazama juu. Panapopenya mwanga pana tundu. Kama nyumba ina dari, tafuta madoa ya kahawia. Tundu huenda liko juu zaidi ya doa, kwa kuwa maji huteremka kwenye mbao kabla ya kudondoka.

Fundi ang'oe msumari uliolegea na kuweka mnene zaidi wenye mpira mpya, aupige kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde yanakopita maji. Aangalie pia kofia ya paa na maungio, aondoe majani yaliyoziba njia ya maji, na akanyage penye mstari wa misumari, ambapo chini yake pana mbao.

Mvua ikishaanza, bati huteleza na mafundi hugombewa. Oktoba bado kuna nafasi.